Miungu ya Misri Tuliyoichonga Kilosa

Vijana wa barabarani Mikumi, ninyi mnaopanga twiga na vifaru kwenye vichanja ili mabasi yakipunguza mwendo watu wawaone: mlimtuma mtu kuniomba nije niwafundishe kufungua macho ya vinyago. Sikukataa kwa jeuri. Kutoka kwangu mpaka kwenu ni mwendo mfupi kwa mtu mwenye kifua. Mimi nasimama mara nne, na mara ya nne nakaa chini kabisa kama mbuzi aliyegoma. Kwa hiyo naandika. Kalamu haidai pumzi. Niliishia darasa la nne, herufi zangu zimelala ubavu, mtanivumilia.

Mnaniita mzee. Sijafika sitini. Fundi aliyenifundisha alikuwa na umri mkubwa kuliko wangu wa leo, na alikuwa anapasua gogo la mpingo kabla hajanywa chai. Mimi nikifunga kamba za viatu napumzika kati ya mguu na mguu. Tulikuwa sita katika ghala lile la Kilosa: Selemani, Kondo, Damasi, Yusto, mzee wetu na mimi. Nimebaki peke yangu, na kubaki huku si jambo la kupongezwa. Majina ya waliotufanyia haya nitayataja, maana sina tena wa kumwogopa. Fadhili, mfanyabiashara wa Morogoro. Mhando, katibu wa ushirika wetu. Na Rajabu, ambaye ndiye mimi.

Nianze na mzee, maana bila yeye hamtaelewa kitu.

Mzee Likunda alitoka Newala akiwa kijana, akaja kukata mkonge Kimamba. Mkonge ulipoanza kufa akarudia tezo ya kuchongea aliyoachiwa na baba yake, akajenga banda Mikumi kando ya barabara. Banda lilikuwa paa na nguzo nne, ukuta hata mmoja hamna. Nilipokwenda kuomba kazi nilidhani ni umaskini, mtu amekosa matofali. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, hakuniuliza jina. Akaokota vumbi la mpingo, akalirusha juu, akaliangalia linakoelekea.

"Kaa huku," akaniambia. "Upepo ukigeuka, na wewe ugeuke. Nikikuta umekaa upande wa vumbi, nakupiga na hiki kipande."

Wiki ya kwanza sikushika tezo. Nilijifunza kukaa. Alinipiga mara tatu mgongoni, na zote nilistahili. Mti huu, alikuwa anasema, ukiwa hai haukusumbui. Unasubiri umekuwa unga. Ngozi unaiwasha, macho unayatoa machozi, na ukiuachia njia ya pua unaingia ndani na hautoki.

Mengine alinifundisha kidogo kidogo. Gogo bichi usiliache juani, litapasuka kama kisigino. Lizike kwenye vumbi la mbao, vichwa vyake uvipake nta. Ganda jeupe liondoe lote, ukibakiza hata unyuzi mmoja, wadudu watakula sikio la tembo wako akiwa sebuleni kwa watu. Ndovu wangu wa kwanza alichukuliwa na mama mmoja wa kizungu aliyemsifu sana kwamba ni nguruwe mzuri. Nikaona aibu. Mzee akaniambia, "Usinune. Leo umeweza nguruwe. Kesho jaribu tembo."

Sasa hili la macho mnalolitaka. Kinyago mnaweza kukichonga watu kumi, huyu miguu, huyu mgongo, yule msasa. Macho ni ya mtu mmoja na yanakuja mwisho. Kila jicho ni mkato mmoja wa patasi, kutoka pembe ya ndani kwenda ya nje, bila kurudia. Ukirudia, mnyama anakuwa kama ana usingizi. Na mkono wa binadamu hautulii akiwa anapumua. Kifua kikipanda, bega linapanda, na patasi inapanda nalo. Mzee alikuwa anavuta pumzi, anaibana, anakata taratibu mpaka mwisho wa jicho, ndipo anaiachia. Anapumzika. Anavuta tena, anabana, jicho la pili. Banda zima linanyamaza. Hiyo ndiyo siri yote mnayoitaka. Ni pumzi.

Ikaja ruksa, biashara ikawa huria. Ninyi mlizaliwa ndani yake, hamuwezi kujua ilivyoingia. Zamani gari la shirika la serikali lilikuwa linakuja, linabeba vinyago vyetu, linaondoka, na sisi tunalalamika kwamba limechelewa. Siku moja halikuja. Tukasikia shirika limeuzwa, au limefungwa, kila mtu na lake. Kila kitu ruksa. Ruksa kuleta, ruksa kuuza, ruksa kufa. Wakaanza kupita watu wenye magari yao, kila mmoja anataka kitu chake kwa haraka yake.

Fadhili alikuja na pikapu nyeupe na bahasha ya makaratasi ya fotokopi. Kijana mtanashati, viatu vinameta, heshima tele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Karibu kigoda."

"Mzee, wazungu wamechoka na tembo. Wanataka Misri. Miungu ya kale ya Misri." Akayatandaza makaratasi chini kama mpiga ramli.

"Kwani Misri hawana mafundi?"

"Wanao. Mpingo ndio hawana. Halafu mafundi wa kule wana maswali mengi."

"Kwa hiyo mzungu atapanda ndege mpaka Misri, akanunue kinyago cha Mikumi?"

"Atanunua, na atakwenda kuwaonyesha majirani zake."

Mzee akacheka mpaka akajifuta macho. Akaokota karatasi moja. "Huyu mwenye kichwa cha mamba ni nani?"

"Sobeki. Mungu wa mto."

"Mamba wa huku wangejua kuna mahali wenzao wanaabudiwa, wangehama. Na huyu kiboko mwenye mimba?"

"Tawereti. Analinda wanawake wanaojifungua."

"Mke wangu alikimbizwa na kiboko akiwa na mimba ya Asha," mzee akasema. "Nilimtukana sana yule kiboko. Kumbe alikuwa anamsindikiza."

Tukacheka wote, na Fadhili naye. Hivyo ndivyo alivyoingia, vijana. Hakuingia na rungu.

Kuchonga mzee alikubali siku ileile. Macho aligoma. Alikuwa mtu wa swala tano, na shehe wa Mikumi alikwisha kutuonya kwamba wachongaji siku ya kiama tutaambiwa tuvipulizie roho vitu vyetu. Mzee alikuwa anajibu kwamba tembo ni tembo, Mungu anajua hakukusudia ushindani. Lakini hawa walikuwa miungu ya watu. "Mnyama nitamfungua macho," akasema, "mungu simfungui. Akiona, akaniuliza nimemwita wa nini, nitamjibu nini?"

Aliyemlainisha ni Asha, binti yake, yule wa mimba ya kiboko. Alikuwa amemaliza kidato cha nne Kilosa wakati ofisi zinapunguza watu badala ya kuajiri, yuko nyumbani, na Kiingereza anakijua. Akawa anatusomea maelezo yaliyokuwa chini ya picha. Alisoma kwamba wale Wamisri hawakuwa wajinga wa kumwangukia mbwa. Bweha walikuwa wanazurura makaburini, wanafukua maiti. Watu wakawaogopa, na kwa kuogopa wakampa mlinzi wa makaburi kichwa cha bweha. Wakamwita Anubisi, akawa ndiye anayepima moyo wa kila marehemu kwenye mizani. Kwarara, yule ndege wa mdomo mrefu anayechokoa tope, wakampa kazi ya uandishi na hesabu. Ng'ombe wakamfanya Hathori, mama, mnyonyeshaji wa wafalme.

Halafu akasoma kitu kilichomfanya mzee aweke tezo chini. Kinyago cha Misri kikimalizika, kuhani alikuwa anakuja na tezo, tezo kabisa, anakigusa mdomoni. Kabla ya hapo ni jiwe au mti tu. Akishakigusa ndipo mungu anaweza kuingia, apumue, ale.

"Tezo hii hii?" mzee akauliza.

"Imechorwa, baba. Tazama."

Mzee akaitazama ile picha muda mrefu, akapima mpini kwa jicho. "Ameishika vibaya," akasema. "Lakini ni tezo." Akafikiri. "Basi mimi nitawafungua macho, mdomo nauacha. Bila mdomo hawana uhai, na mimi sina kesi."

Hivyo ndivyo tulivyochonga miungu ya Misri, wote wanaona na hakuna anayepumua.

Makosa yalikuwa mengi. Mzigo wa kwanza wa Anubisi tuliuharibu wote. Mashine ya fotokopi ilikuwa imekata juu ya ukurasa, masikio hayakutokea. Fadhili alisema ni jamii ya mbwa wa porini. Sisi wa Mikumi mbwa wa porini tunayemheshimu ni yule mbwa mwitu wa mabaka anayewinda kwa kundi, na masikio yake ni duara, makubwa, kama sahani. Tukawawekea wote. Fadhili alipowaona alishika kichwa.

"Mmenichongea panya!"

"Panya ana mkia mrefu," Selemani akamjibu. "Huyu hana mkia kabisa, kwa sababu chini ni mtu."

Tuliwachonga upya, masikio yakasimama. Wale wa panya mzee aliwagawa kwa majirani wazuilie milango.

Na Hathori alirekebishwa na Kashu, mfugaji wa Tindiga, nitamtaja tena. Alikuwa akipita na maziwa yake, akasimama mbele ya yule mwanamke mwenye masikio ya ng'ombe, akasonya. "Huyu sikio limeota juu ya pembe. Sikio la ng'ombe liko chini ya pembe, na likitulia linaangalia nyuma. Huyu wenu ameogopa simba." Tukarekebisha. Akauliza ni nani, tukamwambia mungu wa watu wa kale. Kashu akafurahi kweli. "Ng'ombe ni mungu? Hao watu walikuwa na akili." Kisha akageuka. "Na walikuwa wanamchinja?"

Asha alikuja kulisoma jibu baadaye. Wale wanyama wa hekaluni, paka, kwarara, walifugwa kwa maelfu. Walilishwa vizuri, walihudumiwa. Walikuwa wanafugwa ili wauawe, wafungwe sanda, watu waliokuja kuomba wawachukue kama sadaka. Alisoma kwa sauti, na sisi tukasema masikini ndege, tukaendelea na kazi.

Sasa nafika mahali ninapopachukia.

Mhando, katibu wa ushirika, alitia saini kiwanja cha banda letu kikachukuliwa na mtu mwingine. Alikuja akatuambia ni maendeleo, akatupa mkono kila mmoja kama kwenye msiba. Nguzo nne zikang'olewa mchana mmoja. Wakati huohuo Fadhili alikuwa amepata ghala la pamba Kilosa, karibu na reli, moja ya yale yaliyokuwa yanauzwa mashirika yalipokuwa yanagawanywa kama nyama. Ghala la matofali, mlango wa chuma, madirisha sita madogo juu. Umeme upo. Akaleta mashine za kusugua, za kuzunguka, zinapiga kelele kama nzige wenye hasira. Kazi ya msasa ya siku mbili ikawa ya nusu saa, na kinyago kinang'aa kama kimemwagiwa mafuta. Akanifanya mimi msimamizi, kwa sababu nilikuwa napenda kusifiwa, na Fadhili alikuwa na jicho la kuona mtu wa namna hiyo.

Wenzangu waliingia bila maneno. Mzee Likunda alisimama mlangoni, akachota vumbi la sakafuni, akalirusha juu. Likabaki palepale, hewani, halijui liende wapi. "Mti huu unachongwa nje," akasema, akakaa chini ya ukingo wa paa kwa nje, na hapo akawa analetewa vinyago afungue macho.

Halafu Fadhili akasikia kuna mfanyabiashara mwingine wa Dar ametuma watu Kilosa kuchungulia sampuli. Akaniita. "Rajabu, nani anakaa nje na mali yangu mapajani, kila mpita njia anaiona?" Nikaenda kwa mzee. Nilimwambia, "Fundi, macho yako ndiyo yanayouza. Ukikataa, sisi wote tunarudi mtaani." Nilijua aliwapenda wale vijana kuliko alivyoipenda shingo yake. Akaniangalia.

"Madirisha yatakuwa wazi?"

"Yatakuwa wazi."

Akaingia. Siku tatu baadaye Fadhili akasema hata madirishani watu wanapanda wanachungulia. Akanipa mbao na misumari. Niliigongelea mimi, madirisha sita. Hakunisimamia, alikwenda zake kula. Mzee alikuwa amekaa chini, ananitazama nikiwa juu ya ngazi. Laiti angenipiga na kile kipande.

Vumbi tulilimeza. Ukipenga kamasi, nyeusi. Mate meusi. Jioni Kondo akivua shati unaona ngozi imechorwa pale jasho lilipopita. Kikohozi kikaanza kwa Yusto, kikamfuata Damasi, kikazunguka kama kikombe cha kahawa. Nikamweleza Fadhili. Akasema, kwa upole kabisa, "Tatizo dogo. Nitawanywesha maziwa. Maziwa yanasafisha vumbi." Nami nilikuwa nalijua hilo, nani hajui? Viwanda vyote walikuwa wanawapa watu maziwa, baba yangu alipewa kwenye mashine ya kusaga mkonge. Nikaona bwana huyu ana huruma. Kila asubuhi kikombe kikubwa kila mtu, mimi nagawa, mimi nahimiza, mpaka mwisho, kunywa yote, yashuke na vumbi.

Aliyeleta maziwa alikuwa Kashu. Siku moja aliweka ndoo chini, akatusikiliza tunavyokohoa.

"Haya maziwa ni ya nini kwenu?"

"Yanasafisha kifua," nikamwambia.

"Kifua?" Akatazama wenzangu mmoja mmoja kama anavyokagua ng'ombe mnadani. "Rajabu, maziwa yanaingia tumboni. Mimi nimefuga tangu sijaota meno. Ndama ambaye maziwa yamefika kwenye mapafu nimemwona. Huyo haponi. Fungua madirisha."

Nikamwambia, "Wewe shika ng'ombe wako, viwanda tuachie sisi." Watu wakacheka. Nilikuwa hodari wa kuchekesha. Kashu akachukua ndoo yake, na kesho yake akamtuma mtu mwingine alete. Hakurudi tena mwenyewe.

Mzee ndiye aliyeanguka wa kwanza kwa sababu ya umri. Hospitali wakamwandikia dawa za kifua kikuu, akazimeza miezi, mkojo mwekundu, kifua kilekile. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani, naye hakujua kama inahusu. Alikuwa analala amekaa, amekumbatia mto. Asha alimuuguza kwenye chumba walichopanga nyuma ya stesheni. Wakati huo posa yangu kwa Asha ilikuwa imeshapokelewa, naandika ili mjue nilikuwa namfanyia nani.

Basi ikaja oda ya hoteli moja ya ng'ambo. Anubisi mmoja, urefu wa mtu, gogo moja, amekaa ameshika mizani. Tulilitafuta gogo lile huko njia ya Ulaya, kile kijiji cha hukuhuku Kilosa, juma zima, mpingo wa unene ule ulikuwa umeshakuwa hadithi. Tulimchonga wote kwa zamu. Nasema kweli, alikuwa mzuri, na alitisha. Yakabaki macho.

Fadhili akasema lori linakuja keshokutwa, na aliyemwagiza ameona macho ya Mzee Likunda kwenye vinyago vidogo, anayataka yale yale. Akasema kwa upole uleule, "Ni dakika kumi, Rajabu."

Nilikwenda asubuhi. Asha alikuwa anafua uani.

"Kaka Rajabu, baba hawezi kuingia mle."

"Ni macho tu."

"Mtoeni huyo Anubisi nje basi. Baba amfungulie nje."

Nikamwambia ni mzito. Uongo. Watu watano tuliingiza gogo zima, tungeshindwa kumtoa akiwa amechongwa? Sikutaka kwenda kumwomba Fadhili. Asha akaninyooshea kidole chenye povu. "Yule ni baba yangu, si patasi yako."

"Mwache," mzee akasema kutoka ndani. "Nikae hapa kuhesabu mabati?" Akatoka amejishika ukutani, kofia kichwani, patasi yake kwenye kitambaa.

Tulimkalisha kwenye sanduku mbele ya sanamu. Nilizimisha mashine, lakini vumbi la jana lilikuwa bado liko hewani, halikuwa na pa kwenda. Akapangusa uso wa Anubisi kwa kiganja. Akavuta pumzi, ikakwama, akakohoa mpaka Selemani akamshika mabega. Akasema, "Rajabu. Dirisha moja."

Nikachukua nyundo ya kung'olea misumari. Nikasimama chini ya ngazi. Fadhili, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Subiri kwanza amalize, wale watu wa Dar wako hapo stesheni." Nami nikasubiri. Nyundo mkononi, mguu mmoja kwenye ngazi. Ningeweza kupanda. Hakunishika. Nimesimama hapo mpaka leo.

Mzee alisubiri kidogo kuona kama nitapanda. Kisha akageukia kazi. Alivuta pumzi kwa vipande, kama mtu anayepanda ngazi za mnara, akaibana, akakata. Jicho moja. Safi, toka pembe ya ndani mpaka ya nje, mkono haukutikisika. Alipoiachia pumzi, haikurudi. Midomo ikawa ya rangi ya majivu. Tukambeba nje, tukamweka kwenye majani kando ya reli, naye akawa anaitafuta hewa kwa mikono. Ilipomrudia kidogo akasema, "Moja linamtosha. Akitaka kutuona, atatuona."

Fadhili akaniita pembeni. "Lingine kata wewe. Wewe si mwanafunzi wake?"

Nikaingia. Nilikuwa na kifua bado wakati ule. Nikavuta, nikabana, nikakata, nikaachia. Fadhili akasogea, akainamisha kichwa huku na huku. "Barabara kabisa," akasema. Na nilifurahi, vijana. Kwa muda wa kufumba jicho, nilifurahi kwamba hakuona tofauti.

Mzee alikufa siku ya nne, saa ya adhuhuri, amekaa. Lori lililokuwa linasubiriwa halikuja. Mvua zilikuwa zimekata barabara, mto Mkondoa umejaa, na Anubisi alikaa pale ghalani zaidi ya wiki moja. Ile haraka yote haikuwa na kazi.

Wengine waliondoka mmoja mmoja miaka iliyofuata, Damasi, Yusto, Kondo, Selemani mwisho, akiwa amehamia Ruhembe kukata miwa na hawezi kukata miwa. Fadhili alifunga ghala, akauza mashine, nasikia ana nyumba nzuri. Mhando alizikwa kwa hotuba. Lile la kiama tuliloambiwa na shehe, la kuvipulizia roho vinyago, sijui litakuwaje kwangu. Hata kukizima kibatari kwa kukipuliza kunanishinda.

Mjenge popote, lakini msijenge ukuta. Atakayewaambia mti huu unaoshwa kwa kinywaji chochote, mwambieni atangulie yeye kukaa ndani. Kukata jicho nimeshawaandikia, hakuna kilichobaki.

Baada ya arobaini ya mzee, hapana, kabla, mapema zaidi, siku ya tatu ya matanga, Asha alikuja ghalani. Kilemba cheupe, uso umevimba. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajiandaa. Kumbe alikuja kurudisha posa, na kuona kazi ya mwisho ya baba yake. Baba yake alikuwa amemwambia amefungua moja tu.

Nikamfungulia mlango. Akasimama mbele ya Anubisi.

"La baba ni lipi?"

Nikasogea. Nikatazama la kulia, nikatazama la kushoto. Nikapitisha kidole gumba kwenye kila moja, kama fundi anavyofanya. Asha alikuwa ananisubiri. Nikanyoosha mkono, nikamwonyesha moja, naye akaweka shavu lake pale, akalia.

Sikujua ni lipi.